Sura ya Saba: Taa ya Njano Inapowaka Mlimani

Ukitoka Moshi mjini kwa barabara ya Holili, gari la dizeli halipati kazi ya maana mpaka Himo. Hapo Himo unakata kushoto kuelekea Marangu, na mambo yanabadilika. Ndani ya mwendo usiofika kilomita 20, hadi lango la hifadhi, barabara hupanda takriban mita 1,000. Migomba imekukaba kulia na kushoto, kona moja ikiisha nyingine inaanza, na mguu wako hautoki kwenye mafuta. Ni katika vilima vya namna hii, vya Marangu, Kilema, Kibosho, Uru na Machame, ambapo madereva wengi huiona kwa mara ya kwanza taa ndogo ya njano yenye umbo la injini. Gari linakataa kuvuta, moshi mweusi unatoka nyuma, na taa imeganda kwenye dashibodi.

Haiwaki pale kwa bahati. Kwenye tambarare ya kuelekea Arusha injini hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Filta ya dizeli iliyoziba nusu bado inapitisha mafuta ya kutosha, na mpira wa turbo uliochanika kidogo hausikiki kwa kuwa turbo yenyewe haijasukuma hewa kwa nguvu. Mlima unadai vyote kwa wakati mmoja: dizeli nyingi, hewa nyingi, na maji ya kupozea yanayozunguka sawasawa. Kasoro iliyojificha kwa miezi kwenye barabara tambarare ya TPC inajitokeza kwa dakika kumi za kupanda Kilema. Ndiyo maana kumwambia fundi kwamba "taa imewaka" hakutoshi. Iliwaka wapi, gari likiwa na mzigo gani, kwenye gia ya ngapi, injini ikiwa ya moto au baridi, kabla au baada ya kujaza mafuta? Majibu hayo ni nusu ya uchunguzi, na anayeyajua ni dereva peke yake. Mashine ya fundi haiwezi kuyatoa yote.

Kwanza tutenganishe rangi, kwa sababu kuna watu wamepoteza injini kwa kuzichanganya. Taa nyekundu ni amri ya kusimama. Ile yenye umbo la birika inasema oili haina msukumo wa kutosha kufika kwenye vyuma vinavyosuguana, na injini ikiendelea kuzunguka katika hali hiyo inaweza kufa ndani ya dakika chache. Ya joto nayo ni hivyo hivyo. Egesha mahali salama, zima, weka pembetatu barabarani na jiwe nyuma ya tairi. Hakuna cha kujikongoja hadi Mwika. Na taa ya joto ikiwaka huko juu, usiguse mfuniko wa rejeta. Maji yaliyo wazi kwenye mwinuko wa Marangu huchemka kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100 za pwani. Ndani ya rejeta yamebanwa na yamepita kiwango hicho. Ukifungua yatalipuka na kukurukia usoni.

Taa ya njano haisemi simama. Inasema kuna kipimo kimetoka nje ya mpaka wake, na kwamba kosa hilo limeandikwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya injini. Kama gari linavuta kama kawaida, joto liko mahali pake na hakuna mlio mgeni, endesha taratibu umfikie fundi siku hiyo au kesho yake. Kama nguvu zimekatika ghafla na injini haitaki kupanda mzunguko, kompyuta imeamua kujilinda kwa kubana dizeli. Simama, zima, subiri kidogo, washa tena. Mara nyingi nguvu zitarudi kwa muda. Zitumie kugeuza na kurudi mjini, usizitumie kumalizia safari ya juu. Na ikiwa taa ya njano imefuatwa na nyekundu yoyote, sheria ya nyekundu ndiyo inayoshika.

Inafaa kujua taa hii ilitoka wapi, maana chanzo chake kinaeleza tabia yake. Ilizaliwa California, Marekani, jimbo lililosumbuliwa kwa miaka mingi na moshi wa magari uliotanda juu ya Los Angeles. Kuanzia magari ya mwaka 1988 jimbo hilo lilidai gari lijichunguze lenyewe na kumwonya dereva mitambo ya kupunguza moshi inapoharibika. Mwaka 1996 mfumo mpya zaidi, wenye tundu moja la kuchomekea mashine na namba za makosa zinazofanana kwa watengenezaji wote, ukawa wa lazima Marekani nzima. Ulaya iliufuata kwa magari ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli mwaka 2004. Kwa hiyo taa ya njano iliwekwa kwanza kulinda mapafu ya watu, kisha watengenezaji wakaipa kazi nyingine. Kuna siku itawaka na injini yako haina hatari yoyote ya karibu, ila inachafua hewa. Na kuna siku injini itakuwa inakufa kwa sababu za kimekanika, na taa ya njano isiwake hata kidogo.

Turudi mlimani, kwenye hewa. Injini ya dizeli, ile ambayo Rudolf Diesel aliifanikisha huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, haina plagi ya cheche. Inabana hewa mpaka inakuwa ya moto kupindukia, kisha dizeli inanyunyizwa ndani na kuwaka yenyewe. Kila kitu kinategemea hewa. Moshi mjini, kwenye mwinuko wa mita 800 na zaidi, mgandamizo wa hewa umeshapungua kwa karibu asilimia 10 ukilinganisha na Tanga au Dar es Salaam. Ukifika lango la Marangu upungufu unakaribia asilimia 20. Injini isiyo na turbo haina namna ya kufidia: dizeli inaingia kama ilivyopangwa pwani, hewa haitoshi kuiunguza, na masizi yanatoka nyuma. Yenye turbo hujitahidi kwa kuzungusha feni yake kwa kasi zaidi, na hapo ndipo mpira uliochoka, klampu iliyolegea au filta ya hewa iliyojaa vumbi la Siha au Rombo inapomwaibisha mwenye gari. Kabla hujafikiria kununua kitu, toa filta ya hewa uitazame juani. Kama mwanga haupiti kwenye karatasi yake, anza hapo. Ni spea ya bei ndogo, na ndiyo inayoachwa hadi mwisho.

Jambo la pili ni dizeli yenyewe, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiko ninakoona fedha nyingi zikipotea.

Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka miaka ya uchakachuaji. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko dizeli, na wafanyabiashara wasio waaminifu waliyachanganya ndani ya dizeli ili wafaidi tofauti hiyo. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayodhibiti biashara ya mafuta nchini, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta yanayouzwa nchini ili mchanganyiko ugundulike, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ife. Hatua hizo zilisaidia. Lakini fundi anapaswa kuelewa kwa nini mchezo ule uliua pampu nyingi. Dizeli haiwaki tu, pia hulainisha. Pampu na nozeli hazina oili nyingine ya kuzilinda zaidi ya dizeli inayopita ndani yake. Katika injini za kisasa, kama ile ya 1KD ya lita 3.0 iliyo kwenye Hilux, Prado na Hiace nyingi hapa kwetu, dizeli hubanwa hadi zaidi ya mara 1,300 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta, na nafasi kati ya chuma na chuma ndani ya nozeli hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Mafuta makavu yakipita hapo, vyuma vinakwanguana. Maji yakipita, vinapata kutu.

Na maji ndiyo adui wa leo. Masika ya Machi hadi Mei yanaposhuka mlimani, maji hupenya kwenye matangi ya chini ya vituo visivyotunzwa vizuri. Dizeli ya madumu inayouzwa vijijini imekaa wazi, imemiminwa kwa faneli yenye matope. Hata tangi lako mwenyewe, likilala nusu tupu Londorossi au Rongai ambako usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali, hewa iliyo ndani yake hutoa umande kwenye kuta, na umande huo hushuka chini ya dizeli. Filta imetengenezwa kuyakamata maji hayo, na magari mengi ya dizeli yana taa yake pekee: umbo la filta lenye matone chini. Ikiwaka hiyo, huhitaji mashine ya kompyuta, unahitaji chupa ya plastiki na dakika kumi.

Zima injini, iache ipoe. Tafuta filta ya dizeli, ambayo kwenye Toyota nyingi inakaa pembeni chini ya boneti, ikiwa na kitufe cha pampu ya mkono juu yake. Chini kabisa kuna nati ya kumwagia. Weka chupa hapo, legeza nati kwa mkono mizunguko kama miwili au miwili na nusu, usiitoe yote. Bonyeza pampu ya juu taratibu. Kwanza yatatoka maji, pengine ya rangi ya chai, na yatatulia chini ya chupa huku dizeli ikielea juu yake na mpaka kati yao ukionekana wazi. Endelea kubonyeza hadi itoke dizeli tupu, funga nati kwa mkono, kisha bonyeza pampu tena mpaka iwe ngumu. Washa. Taa ikizimika na gari likavuta, umemaliza, ila hifadhi ile chupa na ukumbuke ulijaza wapi mara ya mwisho. Taa ikirudi baada ya siku mbili, tatizo liko kwenye tangi, na tangi linahitaji kushushwa na kusafishwa.

Sasa tuje kwenye mashine. Siku hizi gereji nyingi za Majengo na Pasua zina kifaa cha kusoma makosa, na hata dereva anaweza kununua kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachozungumza na simu yake. Hili ni jambo jema kabisa. Tatizo ni jinsi namba inavyosomwa. Kompyuta haioni spea, inaona vipimo vya sensa. Ikiandika P0087, maana yake mgandamizo wa dizeli kwenye bomba kuu ni mdogo kuliko ulivyotakiwa. Haijasema pampu imekufa. Huenda ni filta imeziba, mpira wa kuleta dizeli unavuta hewa, vali ya kudhibiti pampu imekwama, au nozeli moja inarudisha mafuta kupita kiasi. P0299 inasema turbo haikutoa msukumo uliotegemewa. P0101 inasema hesabu ya hewa inayoingia hailingani na hali ya injini. Namba inaonyesha mlalamikaji, na mkosaji bado hajatafutwa.

Tuseme Hilux imepakia saruji mifuko 15 ikapanda Kilema, na kijana anayeiendesha ameshuka nayo hadi gereji.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Imekuwaje?"

"Imenikatikia nguvu pale kwenye kilima kirefu, taa ikawaka. Jamaa wa pili hapo ameisoma, ananiambia turbo imekufa, nitafute milioni na kitu."

"Ilipokatika ulisikia mlio?"

"Kama mtu anapuliza. Fyuuu. Nikiachia mafuta, unaisha."

"Fungua boneti. Kaa ndani, ukanyage ninapokwambia."

Fundi mzuri hagusi kifaa kwanza. Anapitisha kiganja chini ya mipira inayotoka kwenye turbo kwenda kwenye rejeta ya hewa, akitafuta unyevu wa oili, kwa kuwa hewa ya turbo hubeba ukungu wa oili na kuuacha panapovuja. Kidole kinarudi cheusi karibu na klampu. Anamwambia kijana akanyage, na mpasuko wa urefu wa kucha unafunguka, kisha unajifunga. Gari likiwa limesimama bila mzigo, mpasuko huo hauonekani kabisa. Mpira mpya, klampu mpya, namba inafutwa baada ya kuandikwa, na gari linapelekwa tena kilimani likiwa na mzigo ili kuthibitisha. Turbo haikuwa na kosa lolote. Hatua ile ya mwisho, ya kurudi kilimani, ndiyo inayorukwa sana mjini kwetu. Mtu anajaribu gari kwenye lami ya Shanty Town, taa haijawaka, analipa, anaondoka, na kesho yake yuko Kibosho akipiga simu.

Kuna hatari moja ya injini za 1KD na ndogo yake ya 2KD ambayo kila mwenye nazo aijue. Vizibo vya shaba chini ya nozeli vikichoka, gesi ya moto hupenya kuingia upande wa oili na kuifanya iwe nzito yenye masizi. Masizi hayo huziba wavu wa kufyonzea oili ndani ya sampu. Injini inaendelea kuwaka vizuri tu, taa ya njano haina la kusema, halafu siku moja ile nyekundu ya birika inawaka na kila kitu kimekwisha. Kwa gari lililotembea sana, kufungua nozeli na kubadilisha vizibo hivyo kabla ya kuvuja ni gharama ndogo sana ukilinganisha na injini nyingine.

Plagi za joto, zinazosaidia injini baridi kuwaka, hazihitaji maelezo marefu. Kwa Moshi mjini mtu anaweza kuishi mwaka mzima bila kujua zimekufa, kwa kuwa asubuhi zetu si za baridi ya kuzuia dizeli kuwaka. Atajua siku atakayolala West Kilimanjaro, injini ikazunguka na kutoa moshi mweupe bila kushika. Vali ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, huziba kwa masizi na husafishika. Fundi akikwambia lazima uinunue mpya, mwombe aitoe mwione pamoja.

Ugomvi mkubwa wa miaka hii ni chujio la masizi kwenye ekzosi, ambalo mafundi hulitaja kwa herufi tatu, DPF. Limeingia na magari ya karibuni yaliyotumika Japani, zikiwemo Mazda CX-5 za dizeli na Hiace za matoleo ya baadaye. Chujio hili hukusanya masizi, kisha kompyuta huongeza dizeli ili joto la ekzosi lifike nyuzi kama 600 na masizi yaungue. Ili hilo litimie gari linahitaji kwenda kwa kasi isiyokatika kwa dakika 15 au 20. Gari la kupeleka watoto shule, kupita sokoni Mbuyuni na kurudi nyumbani halipati nafasi hiyo. Kompyuta inaanza kuunguza, dereva anazima, inaanza tena, anazima tena. Dizeli isiyoungua hushuka kwenye oili, na kwenye stiki utaona oili imepanda badala ya kupungua. Oili inayopanda ni onyo kubwa: imwage, weka mpya, usingoje kilomita zitimie. Mafuta nayo yana mchango. Nchi za Afrika Mashariki ziliteremsha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hatua nzuri mno, lakini magari haya yalitengenezwa kwa dizeli ya Japani yenye sehemu 10. Dawa ya kwanza ni rahisi: taa ya chujio ikianza kuwaka, lipeleke gari barabara ya Arusha, uende hadi njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA kwa mwendo wa kutulia, gia ikiwa chini kidogo ili injini izunguke, na usizime kabla taa haijazimika.

Najua suluhisho linalouzwa mitaani: kulikata chujio, kulitoboa ndani, na kumpa fundi wa kompyuta afute kumbukumbu. Napinga jambo hilo, na nalipinga nikijua bei ya chujio jipya. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Barabara za mlimani kwetu ni nyembamba, zinapita mbele ya milango ya watu, na saa moja asubuhi zimejaa wanafunzi wanaotembea kwa miguu. Gari lililokatwa chujio linapanda hapo kwa gia ya pili na kuwapulizia usoni. Anayeishi mjini na kutembea safari fupi tu, heri anunue gari la petroli.

Wapo watakaouliza juu ya Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, zile za lita 4.2 zinazobeba watalii kila siku kwenda malangoni na mbugani. Nyingi ya hizo zina pampu ya kimekanika na hazina kompyuta ya kuwasha taa hiyo. Ubora wake unajulikana, lakini kutokuwa na taa hakumaanishi kutokuwa na kasoro. Dereva wake anatumia rangi ya moshi, geji ya joto, harufu na mlio, na huangalia filta kwa tarehe. Dereva wa gari la kisasa naye angefaa kuwa na tabia hizo hizo, taa iwe nyongeza.

Kuna wanaobandika utepe mweusi juu ya taa, na wapo wanaochomoa waya wake kabla ya kuuza gari. Ukinunua gari la dizeli lililotumika, geuza ufunguo bila kuwasha injini: taa ya njano lazima iwake kwa sekunde kadhaa kisha izimike baada ya injini kuwaka. Isipowaka kabisa kwenye gari lenye kompyuta, kuna aliyeificha, na hupaswi kutoa hata shilingi ya kishika uchumba kabla hujaambiwa kwa nini.

Na ukiwa gereji, mwambie fundi aandike namba ya kosa kwenye karatasi kabla ya kuifuta, akuonyeshe kwa macho alichokikuta, na akurudishie ufunguo mwende pamoja kwenye kilima kile kile taa ilikowakia. Spea ya zamani ondoka nayo. Fundi atakayekasirika kwa kuombwa hayo, mlipe muda wake kwa heshima, chukua gari lako, mtafute mwingine. Moshi ina mafundi wengi waliosoma vyuo vya ufundi vya VETA na waliofundishwa na kazi yenyewe, na walio bora kati yao watayafanya yote haya kabla hujawaomba.